Viti vinne vya akaju ya Kiingereza katika duka moja la Lubumbashi: kipi kinastahili bei yake

Duka halina kibao mlangoni. Ni gereji ya zamani iliyogeuzwa stoo, upande wa barabara ya Kasenga, na mwenyewe hununua vyombo vya watu wanaohama au wanaogawana urithi. Kwa sasa, kati ya mafriji na vitanda vya chuma, amepanga viti vinne vya mikono. Vyote vinne anavinadi kwa maneno yale yale: akaju (mahogani) ya Uingereza, Chippendale, miaka mia mbili na hamsini. Cha kwanza anakitakia dola 650, cha pili 500, cha tatu 450, cha nne 250.

Tumevipindua vyote, tumevipima na kuvitoa vikalio. Kimoja ni cha karne ya 18 kweli. Kimoja ni nakala ya mwanzoni mwa karne ya 20. Kimoja ni cha zamani, cha miaka ya 1810 hivi, lakini kilizaliwa bila mikono. Mikono kiliongezewa baadaye. Cha nne kilichongwa hapa hapa Katanga, na mbao yake si akaju. Hakuna kati ya vinne kinachofaa kutupwa, ila bei zimekaa mahali pasipo pake.

Viti vya Kiingereza kuonekana Lubumbashi si jambo la ajabu. Reli iliyofika hapa mwaka 1910, mji ukianza, ilitokea kusini, kupitia Rhodesia. Vyombo vya nyumba vya miaka ile vilishushwa meli huko Cape Town au Beira na kupanda kwa treni. Kampuni ya Tanganyika Concessions ya Robert Williams, Mskoti, ilikuwa mmoja wa waanzilishi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba ya hapa, mwaka 1906, na Waingereza walikuwa wengi mjini hapa siku za mwanzo kuliko watu wanavyokumbuka. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si "kilifikaje?" Swali ni "kina nini chini?"

Tuanze na hilo jina, maana ndilo linalopandisha bei. Thomas Chippendale alizaliwa Otley, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1718. Alifungua karakana St Martin's Lane, London, na mwaka 1754 akatoa kitabu cha michoro ya samani kiitwacho The Gentleman and Cabinet-Maker's Director. Mafundi wenzake walikinunua, na tangu hapo seremala wa mji wowote wa Uingereza aliweza kuchonga mgongo wa kiti kwa mtindo ule bila kumwona Chippendale hata siku moja. Samani zinazojulikana kwa hakika kuwa zilitoka kwenye karakana yake zinajulikana kwa sababu hati za malipo zimehifadhiwa, kama zile za Dumfries House huko Scotland za mwaka 1759, au za Harewood House. Kisicho na hati ni cha mtindo wa Chippendale, basi. George Hepplewhite ni mfano mkubwa zaidi: alifariki 1786, kitabu chake kikatolewa na mjane wake Alice mwaka 1788, na hakuna kiti hata kimoja kinachojulikana kwa uhakika kuwa ni cha mkono wake. Thomas Sheraton, aliyetoa michoro yake kati ya 1791 na 1794, naye ni vivyo hivyo. Majina haya matatu ni majina ya vitabu kabla ya kuwa majina ya viti. Na mafundi wa Uingereza, tofauti na wale wa Paris, hawakuwa na desturi ya kugonga muhuri kwenye kazi zao. Karakana ya Gillows ya Lancaster ni kati ya chache zilizofanya hivyo. Kibandiko cha "Chippendale" kilichopo chini ya kiti cha pili cha duka hili si ushahidi wa kitu chochote.

Mbao yenyewe inasema zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 18 viti vizuri vya Uingereza vilichongwa kwa mjozi, mti ambao fukusi wanaupenda mno. Mwaka 1721 Bunge la Uingereza liliondoa ushuru wa mbao kutoka makoloni yake ya Amerika na Karibi, na akaju ya Jamaika ikaanza kujaa bandarini. Ilikuwa nzito, nyuzi zimebana, na ubao mmoja uliweza kuwa mpana kuliko meza. Ugumu huo ndio uliobadilisha umbo la kiti. Mjozi ukiutoboa matundu mengi kwenye ubao wa mgongo, unavunjika. Akaju ngumu inakubali kutobolewa mpaka kubaki tepe nyembamba zinazopishana, na mchongo wake hubaki na makali miaka na miaka. Ile migongo iliyotobolewa kama kamba zilizofungwa mafundo, ambayo kila mtu huitambua, imetokana na tabia ya mti kama ilivyotokana na akili ya fundi.

Na lazima isemwe ni nani walioukata. Ni Waafrika waliokuwa watumwa, kwanza Jamaika, kisha, mbao ya Jamaika ilipopungua, katika misitu ya ghuba ya Honduras ambako leo ni Belize. Anayenadi "urithi wa Kiingereza" hapa Lubumbashi anauza kazi ya watu wa bara hili pia, na ingefaa mteja aambiwe.

Kiti cha kwanza ndicho cha kukaa nacho muda mrefu. Urefu wake wote ni sentimita 96, kikalio kiko sentimita 44 kutoka sakafuni, upana wa mbele ni 62 na wa nyuma 47. Miguu ya mbele imenyooka, kona yake ya ndani imechongwa kuondoa ncha, na chini miguu minne imeunganishwa kwa pau zenye umbo la H. Mihimili ya mikono haianzii mbele kabisa. Imerudi nyuma sentimita 14, nafasi ambayo iliachiwa magauni mapana ya wanawake wa wakati ule. Kwa macho tu unaweza kukisia miaka ya 1760 au 1770. Lakini macho hudanganywa na kila mchongaji hodari, kwa hiyo kitoe kikalio.

Ndani ya upau wa mbele kuna mistari minne iliyokatwa kwa ncha ya patasi: IIII. Fundi aliyetengeneza viti vingi vya namna moja alivipa namba hivyo ili kila kikalio kirudi kwenye kiti chake, maana kila kimoja kilirandwa kwa mkono na hakuna viwili vilivyolingana kabisa. Fremu ya kikalio yenyewe, ya biichi, mti mweupe wa Ulaya, ina alama VI. Kikalio hiki basi si cha kiti hiki. Ni cha kiti cha sita cha seti hiyo hiyo, na ndiyo sababu kinabana upande wa kushoto na kuacha mwanya wa milimita 4 kulia. Hiyo ni kasoro ndogo yenye habari kubwa: seti ilikuwa na viti visivyopungua sita.

Tazama pia pale ubao wa mgongo unapokutana na kikalio. Ubao haukuingia moja kwa moja kwenye upau wa nyuma. Umeingia kwenye kipande kidogo cha mbao kiitwacho kiatu, nacho kimebandikwa juu ya upau. Pitisha ukucha uone: kuna mstari mwembamba kama unywele, mbao mbili tofauti. Kwenye nakala nyingi za baadaye kiatu na upau ni kipande kimoja, maana mashine haina sababu ya kuvitenganisha. Katika pembe za ndani kuna gango mbili tu, vijiti vilivyokatishwa mshazari na kuingizwa kwenye mikato ya pau. Gango nyingine mbili zimepotea, lakini mikato yake ipo, mitupu, na ndani imekuwa kahawia kama sehemu nyingine zisizofikiwa na mwanga. Mkato mtupu wa namna hii unaaminika kuliko gango iliyopo, kwa sababu hakuna anayehangaika kughushi kitu kilichopotea.

Visi za mikono zimepita kutoka ndani ya upau wa pembeni kwenda kwenye mhimili. Tatu zilitengenezwa kwa mkono: mfereji wa kichwa haukupita katikati, na tuliyoitoa ina ncha butu. Visi zenye ncha kali, zinazojichimbia zenyewe, zilienea kuanzia katikati ya karne ya 19. Ya nne ina kichwa cha msalaba, ni ya juzi tu. Alama za msumeno chini ya pau zimenyooka na hazilingani. Hakuna hata upinde mmoja wa msumeno wa duara.

Sasa ubaya wake. Kiungo cha nyuma kushoto, pale ulimi wa upau wa pembeni unapoingia kwenye mguu, kimeachia milimita 3. Mtu alimimina kola nyeupe (gundi ya kisasa ya dukani) humo na kupiga misumari miwili ya sentimita 7 kutoka nje. Msumari haushiki kiungo cha kiti. Kila anayekaa anauyumbisha, tundu linapanuka, na mwishoni mguu unapasuka kufuata nyuzi. Ufa tayari umeanza, sentimita 5 kwenda juu. Upau mmoja wa H ni wa baadaye, rangi yake imepakwa ifanane. Fremu ya kikalio ina matundu ya fukusi ya milimita 1 hadi 2, ya zamani: ukiigonga juu ya karatasi nyeusi haitoi vumbi jeupe. Akaju haikuguswa. Biichi ndiyo huliwa.

Kwa hali hiyo dola 650 ni nyingi. Matengenezo ya kweli yatakula 150 mpaka 200, na kiti kimoja kimoja, bila mwenzake, huwa hakina soko kubwa hata huko Ulaya, ambako bei ya samani za akaju imeshuka sana miaka hii. Kwa 400 ni ununuzi mzuri, na huko ndiko mazungumzo yaelekee.

Kiti cha pili tusikae nacho sana. Mgongo wake una umbo la ngao, mtindo unaohusishwa na Hepplewhite, na kimeng'arishwa vizuri kuliko vyote. Chini kuna mapinde ya msumeno wa duara, visi za mashine, vijiti vya mviringo vya kiwandani mahali pa ulimi, na rangi iliyopakwa hadi ndani ya pau ili kuzeesha mbao. Vipande vya pembe vinafanana vyote vinne kama mapacha. Ni nakala ya mwanzoni mwa karne ya 20, ya kiwanda kizuri, na viungo bado vimekaza. Kama kinauzwa kama nakala, 250 inatosha. Anayekinunua ajue jambo moja la umbo: ngao haigusi kikalio, imeshikwa na miguu ya nyuma sehemu mbili tu, juu kidogo ya kikalio. Mtu akikiegemea kwa kukinyanyua miguu ya mbele, hapo ndipo kinapovunjika. Ukishika ngao na kuisukuma taratibu, isitikisike hata kidogo.

Kiti cha tatu ndicho chenye hatari kwa mnunuzi, kwa sababu kila kipande chake ukikitazama peke yake ni cha kweli. Miguu ya mbele imepinda kama upanga, mtindo ulioigwa kwa Wagiriki wa kale na kupendwa Uingereza miaka ya mwanzo ya 1800. Upau wa mgongo umesokotwa kama kamba ya meli. Viti vya namna hii viliitwa kwa jina la Trafalgar, vita ya baharini ya mwaka 1805. Mbao ni nzuri. Lakini upana wa mbele wa kikalio ni sentimita 48. Fundi wa wakati ule alipotengeneza seti ya viti vya mezani, vile vyenye mikono alivipa upana zaidi, sentimita 5 au zaidi kuliko vile visivyo na mikono, ili mtu atoshe katikati. Kiti cha mikono chenye kikalio cha 48 kinambana mtu mzima mapajani. Kaa, utahisi mwenyewe kabla ya kupima.

Ukishashuku, ushahidi unakuja wenyewe. Nyuzi za mikono ni pana na nyepesi kuliko za fremu. Pale mkono unaposhika mguu wa nyuma, umekata mfereji wa mapambo uliokuwa ukishuka bila kukatika. Fundi wa kwanza angeusimamisha mfereji kabla ya mkono. Na ndani ya upau wa pembeni mbao mpya imejitokeza karibu na visi. Kwa nini mtu afanye kazi yote hiyo? Kwa sababu kiti cha mikono huuzwa bei maradufu ya kile kisicho nayo.

Kuna tatizo jingine, la umbo hili lenyewe. Mguu wa upanga hukatwa kutoka ubao ulionyooka, kwa hiyo kwenye mpindo nyuzi zinakatizwa na kuwa fupi, na nyuzi fupi hazina nguvu. Mguu wa mbele kulia ulishavunjika hapo na umefungwa bamba la chuma kwa ndani. Bamba linashika, ila si kiti cha kukalia kila siku. Dola 450 hapana. Kama kipambo cha kona ya sebule, 150.

Cha nne kinastahili heshima kuliko anavyokipa mwenye duka, ambaye anaona aibu kusema kilitoka wapi. Ni mulombwa, mti wa misitu ya hapa. Rangi yake ya asali inayoelekea wekundu imefichwa chini ya rangi ya akaju, lakini kwenye upau wa nyuma, ndani, imebaki wazi. Aliyekichonga alikuwa na kiti cha mtindo wa Chippendale mbele yake na alikitazama kwa makini: mikono imerudi nyuma inavyotakiwa, upana wa mbele ni 60, na ndimi zimeingia sentimita 4 ndani ya miguu. Alikosea kiatu, amekichonga kipande kimoja na upau, na matundu ya mgongo ni mazito, yamekosa ule wembamba. Haya ni ya macho. Kwa makalio ndicho kiti kizuri kuliko vyote vinne.

Mulombwa una tabia ambayo maseremala wa Katanga wanaijua: ukishakauka, haujongei sana. Haunywi unyevu wa mvua na kuvimba, wala haujikunji kiangazi. Akaju nayo imetulia, biichi hapana kabisa. Mwezi wa tisa na wa kumi hapa mchana hewa hushuka chini ya asilimia 40 ya unyevu, wakati nyumba nyingi za Uingereza zimezoea 50 hadi 60. Tofauti hiyo inatosha kupunguza kidogo upana wa upau wa akaju, na upau wa biichi wa upana huo huo hupungua zaidi. Gundi ya zamani haifuati mchezo huo, inapasuka. Ndiyo maana viti vilivyosimama imara miaka 200 kwenye baridi ya Ulaya vinaanza kulia "kwii" baada ya kiangazi kimoja au viwili vya Lubumbashi.

Basi, 250 kwa kiti cha mulombwa kilichokauka na kuungwa vizuri ni bei halali. Anayetaka seti ya meza, achukue hiki kama mfano, akiagize kwa menizye (seremala) wa mitaa ya Katuba au Kenya hapa mjini, lakini asikubali mbao mbichi. Ubao uwe umepangwa kivulini na vijiti katikati kwa miezi sita angalau, ikiwa ni wa unene wa sentimita 2.5, wa miguu, ambao ni mnene, zaidi ya mwaka. Ubao uliotoka msumenoni wiki iliyopita utafungua viungo vyote kabla ya Krismasi. Na risiti iulizwe. Miti ya jamii ya mulombwa na mukula ya Afrika imo katika Nyongeza ya II ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na uamuzi wa mwaka 2022 uliingiza humo pia akaju ya Afrika; atakayetaka kuvusha mbao Kasumbalesa, mpakani na Zambia, atahitaji vibali.

Sasa huduma ya matengenezo ya duka. Wanatoza dola 60 kwa kiti, siku mbili. Hapo hatuwezi kuwapendekeza. Tuliona kiti kingine kikitengenezwa pale: kola nyeupe juu ya gundi ya zamani, misumari, kikalio kimevuliwa singa za farasi na kujazwa sponji, kisha vernisi ya polyurethane juu ya kila kitu. Kila hatua kati ya hizo inaharibu. Kola nyeupe haishiki juu ya gundi ya zamani, na ikishakauka ni vigumu kuifungua bila kuvunja ulimi. Sponji huanza kusagika baada ya miaka michache, singa zimeshakaa mia mbili. Vernisi hiyo inafunika rangi ya mbao kama kioo cha plastiki, na kuiondoa ni kukwangua ngozi yote ya kiti.

Kazi inayofaa kwa kiti cha kwanza ni hii, na menizye mwenye subira anaiweza. Misumari itolewe kwanza, kwa kuchimba pembeni ya kichwa na kuvuta kwa koleo la ncha nyembamba, si kwa nyundo ya makucha. Kiungo kilichobaki na gundi ya zamani kidungwe sindano ya alkoli ya asilimia 90. Inakausha gundi na kuifanya ivunjike kama sukari, kisha gonga kidogo kidogo kwa nyundo ya mbao iliyofungwa ngozi. Pale penye kola nyeupe tumia maji ya moto na siki, kwa subira, nusu saa hata zaidi. Safisha ulimi kwa brashi na maji ya vuguvugu. Msasa usiguse ulimi hata mara moja, maana ukipungua nusu milimita kiungo hakitabana tena.

Gundi iwe ya ngozi, ile ya punje za kahawia. Punje gramu 100 ziloweke kwenye maji baridi gramu 180 hivi usiku kucha, asubuhi zipashe ndani ya chombo kilichokaa kwenye maji ya moto, nyuzi joto 60. Ikichemka imekufa, haishiki tena. Ikidondoka kutoka kwenye kijiti kama uji mwepesi bila kukatika, iko tayari. Ikikosekana sokoni, gelatini ya kupikia isiyo na sukari ni kitu cha asili hiyo hiyo, ila huganda upesi zaidi. Pasha mbao kidogo kwanza. Ufa wa mguu uingizwe gundi kabla ya kiungo, ufungwe kwa vibanio vyenye vipande vya mbao laini chini yake, na baada ya saa 24 ndipo kiungo kifuate. Kabla ya kukaza, simamisha kiti kwenye sakafu iliyo sawa uone miguu yote minne inagusa. Ukikosea hapo, gundi ya ngozi inakusamehe: maji ya moto, unaanza upya. Hiyo ndiyo sababu ya kuing'ang'ania.

Juu ya kiti, polishi iliyopo ni shelaki, utomvu wa wadudu wa India ulioyeyushwa kwa alkoli, ambao Waingereza walianza kuutumia sana kwenye samani miaka ya 1820. Si ya kwanza ya kiti hiki basi, lakini ni nzuri na iachwe. Kuijua ni rahisi: tone la alkoli mahali pa siri, subiri nusu dakika, ikinata kidoleni ni shelaki. Paka nta tu. Gramu 100 za nta ya nyuki ziyeyushwe juu ya maji ya moto, ondoa motoni kabisa, ndipo utie mililita 200 za terebentini. Mvuke wake unashika moto. Safu nyembamba mara mbili kwa mwaka, mwisho wa mvua na mwisho wa kiangazi, na kusugua kwa kitambaa cha pamba mpaka kitambaa kiteleze. Kiti kisikae kwenye jua la dirishani, wala mbele ya kiyoyozi, wala juu ya zulia lililogusa ukuta wenye mchwa. Mara moja kwa mwezi kipinduliwe na kuangaliwa chini ya miguu.

Mwenye duka, kwa haki yake, anaruhusu kupindua kila kitu na hana haraka. Nenda asubuhi mlango mkubwa ukiwa wazi, ubebe tochi, mita na sumaku. Sumaku ni ya misumari ya njano ya kikalio: ikinata, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba.

Na umuulize kiti cha kwanza alikinunua nyumba gani. Anasema kulibaki vingine viwili ambavyo familia ilikataa kuviuza. Kama kimojawapo kina VI kwenye upau wa mbele na IIII kwenye fremu ya kikalio, basi vikalio viwili vilibadilishana siku moja ya kufagia, na viti hivyo viwili vikirudi pamoja, jozi hiyo inastahili zaidi ya mara mbili ya bei ya kimoja.